Lango Lililomngoja Mgeni Rasmi

Kabla sijasema lolote, itifaki imezingatiwa. Sijui kuanza vinginevyo. Miaka kumi na tisa nimekuwa mshereheshaji wa serikali, daraja la pili, na ukinigutusha usingizini naamka nikiomba makofi kwa meza kuu. Mke wangu ameshazoea. Anapiga mawili matatu, anageukia ukutani.

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nina watoto tu.

Kazi yangu, mimi Kitwana, ni kungoja kwa niaba ya umma. Kwetu hakuna kitu kinachoanza kutumika mpaka mgeni rasmi aje kukizindua, iwe kisima, iwe chanjo ya kuku, iwe choo cha shule. Pale Mlimani kuna choo kimekaa miaka minne na utepe mlangoni, kisafi kuliko meza ya daktari, na wanafunzi wanakizunguka kwa heshima wakielekea kichakani. Mgeni rasmi hualikwa saa tatu asubuhi, hufika saa nane mchana, na hapo katikati ndipo ninapoishi mimi. Naita ngoma, naita kwaya, natambulisha meza kuu kuanzia kulia, kisha naitambulisha tena kuanzia kushoto. Kila nusu saa nasema, "Mgeni wetu rasmi yuko njiani." Sentensi hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wangu.

Na jambo moja mlijue mapema. Mgeni rasmi hatambulikani kwa sura, maana wakubwa wetu hubadilishwa mara kwa mara na picha zao huchelewa kufika wilayani. Anatambulika kwa sababu mimi nimesema kwenye maiki kwamba amefika. Nikisema, bendi inapiga, askari wanakakamaa, mkasi unaletwa. Nisiposema, hata akiketi mbele yenu atapewa soda ya moto kama mzazi yeyote.

*

Serikali yetu ni ya mseto. Nusu ni Chama cha Juzi, nusu ni Chama cha Mtondogoo.

Chama cha Juzi wanaamini kila jambo lilishatokea. Ukiwaambia ziwa linapanda, watakuuliza kwa upole kama hujasikia habari za Mafuriko ya Babu, maji yalipofika hadi sokoni kisha yakarudi yenyewe bila semina. Chama cha Mtondogoo, kama jina lao lilivyo, wanahesabu siku nne mbele ya kila mtu. Wanaamini kila jambo litatokea. Wana ramani za rangi na wataalamu, na wataalamu wamesema ziwa litafika mtaa wa Bondeni mwaka elfu mbili na sitini. Ni watu makini sana. Wakisema sitini ni sitini.

Basi ziwa lilipoanza kupanda, bungeni hapakukalika. Hawa wanasema haya ni mambo ya kale, wale wanasema ni mambo ya baadaye, na vikombe vya chai vinaruka. Mbunge mmoja asiye na chama alisimama akauliza habari ya leo. Spika alimjibu kwamba swali lake halina wizara, na kwa kweli halina. Tunayo Wizara ya Yaliyopita na tunayo Wizara ya Yajayo, na kati yake kuna maegesho ya magari.

Hata hivyo, baada ya miaka kumi na moja ya kutoelewana, vyama vilielewana kujenga lango. Chama cha Juzi walitaka mnara wa kumbukumbu ya Mafuriko ya Babu. Chama cha Mtondogoo walitaka zawadi kwa wajukuu. Kwa bahati, mkandarasi alikuwa na mchoro mmoja tu. Likajengwa tuta refu kati ya ziwa na Bondeni, na katikati ya tuta, pale mfereji unapopita, likawekwa lango la chuma lenye gurudumu kubwa la kulishusha na kulipandisha. Lilipokamilika, lilifungwa kwa mnyororo na kufuli likiwa limeinuliwa juu, wazi kabisa. Ufunguo ukalazwa juu ya mto wa velveti, na lango likaanza kumngoja mgeni rasmi.

*

Nyumba ya kwanza nyuma ya lango ilikuwa ya Bi. Siwatu.

Bi. Siwatu alikuwa na kazi mbili. Ya serikali ilikuwa kusoma kipimo, ile nguzo yenye namba iliyosimamishwa ziwani. Kila asubuhi aliandika kina cha maji daftarini na kupeleka nakala wizara zote mbili. Wizara ya Yaliyopita ilimjibu kwamba takwimu za leo azilete zikishakuwa za zamani. Wizara ya Yajayo ilimjibu kwamba amewahi.

Kazi yake ya pili ndiyo iliyomlisha. Alioka mikate. Uani kwake palikuwa na tanuri la udongo, kubwa, mtu mzima angeweza kuingia akikunja magoti. Alilijenga pamoja na marehemu mumewe, tabaka moja kila wiki, kwa sababu udongo hauharakishwi. Nilipokwenda kupima mahali pa mahema alinipa mkate wa moto na chai ya tangawizi, na tangu hapo sikukosa sababu ya kwenda kupima tena. Nitakiri kwamba mahema yale yalipimwa mara tisa.

"Bwana Kitwana," aliniambia siku moja, "kila kitu humu ndani kinabebeka. Kitanda kinabebeka. Sufuria zinabebeka. Mama mkwe anabebeka, atake asitake. Tanuri halibebeki."

"Lango lipo, dada," nikamwambia.

"Lipo wazi. Ziwa likigusa alama nyekundu ya kipimo, saa nne baadaye liko hapa uani. Hao wakubwa wako wanalijua hilo?"

"Lipo kwenye ratiba," nikasema, na niliamini kabisa kwamba nimemjibu.

*

Ratiba ya uzinduzi ilichapwa kwa rangi mbili. Kipengele cha kumi na moja kilikuwa fataki. Cha kumi na mbili, mgeni rasmi kufunga lango. Cha kumi na tatu, maji kuzuiwa. Cha kumi na nne, picha ya pamoja na chakula. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Makamu wa Rais, ambaye vyama vyote viwili vilimkubali kwa sababu hana maoni.

Saa nne asubuhi, kwaya ikiwa katika wimbo wa pili, Bi. Siwatu alikuja na daftari lake mbele ya Bwana Ndimbo, Afisa Itifaki, mtu mwenye suti nyeupe na hofu ya kudumu.

"Bwana Ndimbo, maji yamegusa alama nyekundu. Funga lango."

Ndimbo akaifungua ratiba. "Mama, sasa hivi tuko kipengele cha nne. Maji ni kipengele cha kumi na tatu."

"Maji yenyewe yanajua?"

"Yalitakiwa kupewa nakala," akasema Ndimbo, akaandika pembeni ili afuatilie.

Hapo nyuma, maji yalikuwa yanapita chini ya lango taratibu, bila fujo, kama watu waliochelewa ibadani. Nikamwita Waziri wa Yaliyopita atoe salamu. Alikunja suruali mara moja, akashika maiki.

"Ndugu wananchi, msishtuke. Maji haya si mageni. Haya ni maji ya babu zenu yamekuja kuwajulia hali. Yalikuja, yakaondoka, na leo mnaona kwa macho yenu historia inavyotuheshimu."

Makofi. Waziri wa Yajayo alipanda jukwaani akiwa amekunja suruali mara mbili.

"Napingana na mwenzangu. Maji haya hayajafika. Kinachoonekana hapa ni viashiria. Na wale wanaonong'ona kwamba lango lifungwe sasa hivi, bila mgeni rasmi, nawauliza kwa uchungu. Lango hili ni la wajukuu zetu. Tukilifunga leo, wajukuu watafunga nini?"

Palipigwa vigelegele. Hata mimi nilihisi machozi, na wala sina mjukuu. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti vya plastiki ili waone vizuri, na pia ili wasilowe.

Saa sita Ndimbo alinivuta sikio akaninong'oneza kwamba msafara wa Makamu umekwama Daraja la Kunguru, kwa sababu ziwa limepita juu ya barabara. Nitangaze kwamba amekabiliwa na majukumu ya kitaifa. Nikatangaza. Nikaita ngoma. Wachezaji walirusha maji kwa miguu, ikapendeza.

Saa saba Bi. Siwatu alikuja kwangu mimi. Kanga yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni.

"Kitwana," akasema, bila Bwana, "sema amefika."

"Nani?"

"Yeyote. Sema mimi. Wewe ukisema, watatoa ufunguo. Maji yako kwenye kizingiti cha uani."

Nilikuwa na maiki mkononi. Betri ilikuwa imejaa. Nilimwangalia Ndimbo, nikaangalia meza kuu, nikakumbuka miaka yangu kumi na tisa na daraja la kwanza lililokuwa linanukia.

"Vuta subira kidogo, dada," nikamwambia. "Mgeni rasmi yuko njiani."

Alirudi kwake, maji yakiwa mapajani. Asubuhi hiyo alikuwa ameoka mikate ya wageni, kwa hiyo tanuri lilikuwa bado na moto wake. Udongo wa moto ukipata maji ya baridi kwa ghafla hupasuka. Mlio tuliusikia mpaka jukwaani. Ndimbo aliniuliza kama zile ni fataki, kwa maana tulikuwa hatujafika kipengele cha kumi na moja.

Saa kumi Mheshimiwa Makamu alifika kwa boti. Alikata utepe, akazungusha gurudumu, lango likashuka, maji yakazuiwa. Watu wa Bondeni walipiga makofi kutoka juu ya mapaa. Kila kipengele kilitekelezwa kama kilivyoandikwa, na picha ya pamoja ilipigwa kutoka kifuani kwenda juu.

*

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Baada ya wiki tatu ziwa lilirudi kwake. Maji ya Bondeni hayakurudi. Yangerudije? Lango lilikuwa limefungwa, tena limefungwa na Makamu wa Rais. Na kulifungua ni shughuli mpya, yenye ratiba yake na mgeni rasmi wake.

Miezi saba watu wa Bondeni waliishi kwenye mahema juu ya tuta. Upande wa kushoto ziwa, upande wa kulia nyumba zao zikiwa ndani ya maji yaliyokatazwa kutoka. Walipoomba watambuliwe kama waathirika, Wizara ya Yaliyopita iliwaandikisha kama waathirika wa Mafuriko ya Babu, wote, pamoja na watoto wachanga. Wizara ya Yajayo ilipinga, ikasema hawa ni waathirika wa mwaka elfu mbili na sitini waliojitokeza mapema, na ikawapa vyeti vya kushiriki. Kuhusu kufungua lango, Chama cha Juzi walisema yaliyopita yaachwe yapite yenyewe. Chama cha Mtondogoo waliunda kamati itakayokutana mtondogoo.

Mimi nilipandishwa daraja la kwanza, kwa utulivu niliouonyesha. Barua ilisema hivyo hasa, utulivu. Niliiweka kabatini. Sikumwonyesha mke wangu, na sijui kwa nini ninawaambia ninyi.

*

Hatimaye siku ya Uzinduzi wa Kufunguliwa kwa Lango ilitangazwa. Ratiba ilikuwa na vipengele ishirini na viwili. Jukwaa lilijengwa juu ya tuta, maana tulikuwa tumejifunza. Wageni walipewa chai na biskuti za pakiti. Nilishika biskuti ile nikaiangalia, nikairudisha sahanini.

Mheshimiwa Makamu alichelewa. Alikuwa anazindua Wiki ya Taifa ya Kuwahi.

Saa nne nilisema yuko njiani. Saa tano nilisema yuko njiani. Saa tano na nusu nilimwona Bi. Siwatu akitoka kwenye kipimo, akaenda kwa Ndimbo, daftari likiwa limefungwa kwa mfuko wa nailoni. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Mvua za milimani zimeanza, Bwana Ndimbo. Ziwa linapanda tena. Sasa hivi liko chini ya maji yetu, mkifungua yatatoka. Ikifika saa nane ziwa litakuwa juu yake. Mkifungua wakati huo yataingia mengine, na msipofungua tutakaa humu mwaka mzima."

"Tuko kipengele cha sita, mama."

"Najua," akasema. Akaenda akaketi safu ya tatu, mikono juu ya daftari.

Nilimngoja aje kwangu. Nilisogea hata pembeni ya jukwaa ili asipate shida kunifikia. Hakuja. Alikuwa ananitazama jinsi mtu anavyotazama ukuta. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Siku ile aliniomba, maana yake aliniona mtu.

Ndimbo akaniashiria niseme sentensi yangu. Nikafungua mdomo.

"Ndugu wananchi," nikasema, "mgeni wetu rasmi amefika."

Bendi ikaanza wimbo wa taifa palepale. Hawakuangalia barabarani. Hawajawahi kuangalia, wananiangalia mimi. Askari wakakakamaa. Mawaziri wawili wakasimama wima, kila mmoja akimtafuta Makamu kwa pembe ya jicho. Ndimbo alikuwa ameshanyanyua mto wa velveti wenye ufunguo, na wimbo wa taifa ukipigwa Afisa Itifaki hatikisiki hata nzi akimtua puani.

"Naomba tumpokee," nikaendelea juu ya tarumbeta, "Mheshimiwa Bi. Siwatu binti Pazi, Msoma Kipimo wa Taifa."

Aligeuka kuangalia nyuma, akidhani kuna mwingine. Kisha akainuka. Kwa utaratibu wetu, wakati wa wimbo wa taifa ni mgeni rasmi peke yake anayeruhusiwa kutembea, akikagua gwaride. Bi. Siwatu akalikagua, kwa haraka kidogo. Alipofika kwa Ndimbo alichukua ufunguo juu ya mto, na Ndimbo, akiwa amekakamaa na jasho linamtiririka, akasema bila kufungua meno, "Karibu, Mheshimiwa." Nadhani neno lilimponyoka.

Wimbo wetu wa taifa una beti sita. Sijawahi kuushukuru kama siku ile. Ubeti wa nne ulipoanza, kufuli lilikuwa chini. Nami kwa mazoea tu nikasema, "Sasa namkaribisha mgeni rasmi atoe hotuba." Nikamsogezea maiki.

"Gurudumu lina kutu," akasema Bi. Siwatu. "Nataka watu wanne wenye nguvu."

Walikuja kumi na watatu. Kumbe watu wa Bondeni walikuwa hawangoji wimbo uishe. Lango likapanda likilia, na maji ya miezi saba yakaondoka kuelekea ziwani, na vyungu, na viti, na mlango wa mtu mmoja ambaye aliupungia mkono. Watu walicheka, wengine walilia, na mimi nilikuwa kati ya waliolia. Saa nane kasoro, ziwa lilipolingana na maji machache yaliyobaki, Bi. Siwatu alilishusha lango mwenyewe, akapiga kufuli, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Ndipo kwa mara ya kwanza lango lilifunguliwa na kufungwa kwa sababu ya maji.

Mheshimiwa Makamu alifika saa tisa na nusu, akakuta matope. Ufunguo ulikuwa hauonekani. Ndimbo alihangaika kwa kitambo, kisha likaletwa boza la maji, likafichwa nyuma ya tuta, na Mheshimiwa akafungua bomba lake mbele ya wapiga picha. Gazeti la serikali liliandika kwamba lango lilifunguliwa saa kumi na dakika tano. Ukienda maktaba ya taifa utakuta hivyo.

*

Nilifukuzwa kazi, kwa kosa la kumfikisha mgeni rasmi kabla ya wakati. Barua imeshaandikwa, ila sijakabidhiwa, kwa sababu inatakiwa kukabidhiwa na mgeni rasmi na bado anangojwa. Kwa hiyo mpaka leo mimi ni mtumishi daraja la kwanza, na asubuhi naenda Bondeni kukanyaga udongo.

Bi. Siwatu anajenga tanuri jipya. Tabaka moja kwa wiki, kama lile la kwanza, isipokuwa safari hii anayemkanyagia udongo ni mimi, na sina ustadi wa marehemu. Hajanipa chai. Hajanifukuza pia. Wiki ya pili nilijikaza nikamwuliza kama amenisamehe.

Aliendelea kusawazisha udongo kwa kiganja.

"Ile maiki uliyonitangazia," akasema, "ilikuwa mpya?"

"Hapana, dada. Ni ileile ya siku ya kwanza."

Akachota udongo mwingine, akaubandika.

"Basi hata siku ile ilikuwa inaweza," akasema. "Lete maji, udongo unakauka."